MOYO UNAVYOPOKEA UJUMBE: Kwa nini kidonge cha presha hakiachwi ghafla

Haya wadau, leo siasa na mpira tuviweke pembeni, tuingie ndani ya kifua. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zako zinahesabika, ikopi kwenye flash ukasome nyumbani.

Karibu kila ukoo una mtu anayemeza dawa ya presha au ya moyo. Mama, baba mdogo, shangazi, babu. Daktari amemwambia "hii usiiache ghafla". Akiuliza kwa nini, anaambiwa ni hatari, basi, imeisha hiyo. Mwezi unafika katikati, vidonge vimekwisha, hela hakuna, na yeye mwenyewe anajisikia mzima kabisa. Anaacha. Unamlaumu vipi mtu ambaye hakuelezwa?

Na hawa watu si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana presha ya kupanda. Utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ndiyo chanzo kinachoongoza, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 55. Ulaya na Marekani wengi wanaopata ugonjwa huo ni wazee wa miaka 70 na kuendelea. Huku kwetu unawakuta watu ambao bado wanasomesha watoto.

Jibu la ile "kwa nini" lipo, na halihitaji digrii. Seli za moyo zinapokea ujumbe, na ujumbe huo ukidumu unafika mpaka kwenye jeni na kubadilisha moyo wenyewe. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini kutembea kunasaidia, kwa nini sigara inamuumiza hata kijana wa miaka 20, na kwa nini vile vidonge vya "nguvu" vinavyouzwa kimya kimya vinaweza kumwangusha mtu. Twende taratibu.

TUANZE NA WAPAGAZI

Sisi wa Tabora mfano tunao mlangoni. Karne ya 19 mji huu, pamoja na Kwihara hapo jirani, ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na ilipitisha pia watumwa, hilo tusilifiche. Mizigo mingi ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu wa kulipwa, kilo 30 hivi kwa mtu, na juu yake mkeka na chakula chake mwenyewe. Kutoka pwani mpaka hapa ni kilomita kama 800. Kwa mguu ilikuwa miezi miwili mitatu. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi hiyo ikaanza kufa yenyewe.

Sasa mfikirie mpagazi mmoja. Ngoma inalia, kirangozi anatangulia, mzigo unapandishwa begani, na mbele kuna mlima. Ndani ya dakika moja moyo wake uliokuwa unapiga mara 70 unaweza kupanda mpaka 150. Damu inayosukumwa, ambayo mtu akiwa amekaa ni lita 5 hivi kwa dakika, inaweza kufika lita 20. Hayo ni mabadiliko ya haraka.

Kuna mabadiliko ya pili, ya polepole. Mwili wa mtu anayetembea kila siku kwa wiki kadhaa haubaki ule ule alioanza nao. Mishipa yake ya damu inapanuka kirahisi zaidi, na moyo wake akipumzika unapiga taratibu zaidi. Tunayajua haya kutokana na vipimo vya watu wa leo wanaofanya mazoezi. Haya ya polepole hayawezekani bila jeni fulani kuongezwa kazi na nyingine kupunguziwa. Kwa hiyo moyo una saa mbili: moja ya sekunde, nyingine ya siku na wiki. Watu wengi wanaijua ya kwanza tu, wakati madhara ya presha na faida za dawa nyingi ziko kwenye hii ya pili.

MJUMBE HAINGII NDANI

Ukishtuka, ukikimbia au ukibeba mzigo, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Mishipa ya fahamu nayo inamwaga ndugu yake, noradrenalini, moja kwa moja kwenye moyo. Hawa ni wajumbe. Cha ajabu ni kwamba mjumbe hahitaji kuingia ndani ya seli ya moyo. Anafika mlangoni, anakabidhi ujumbe, anaondoka. Ni kama msafara ulipofika kwenye boma la mtemi: huingii tu kama kwako, unasimama langoni, unaeleza shida yako, na watu wa ndani ndio wanaofikisha habari.

Lango hilo linaitwa kipokezi. Ni protini iliyopita kwenye ukuta wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Vipokezi vya adrenalini kwenye moyo vilivyo vingi zaidi ni vya aina ya beta-1. Kuna beta-2 pia, na kuna beta-3. Huyo wa tatu mkumbukeni, ana tabia zake. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wa Marekani walipata tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya ukoo huu wa vipokezi.

Adrenalini ikishika kipokezi cha beta-1, umbo lake linabadilika kwa ndani. Protini iliyo chini yake, inaitwa protini G, inashtuka na kuwasha kimeng'enya kinachotengeneza kijumbe kidogo kiitwacho cAMP. Vijumbe hivi vinatokea vingi kwa mara moja, ndiyo maana adrenalini kidogo inaleta kishindo kikubwa. cAMP inaamsha kimeng'enya kingine, PKA. Huyu PKA ndiye mtendaji. Anazunguka akibandika fosfeti kwenye protini nyingine, kama karani anayegonga mihuri. Akigonga muhuri kwenye milango ya kalsiamu, kalsiamu inaingia kwa wingi na msuli wa moyo unajikaza kwa nguvu. Moyo unakwenda mbio. Yote hayo ni sekunde tu.

UJUMBE UNAPOFIKA KWENYE JENI

Mjumbe akija mara moja na kuondoka, mambo mengi yanaishia hapo. Lakini adrenalini ikibaki juu kwa masaa na siku, PKA inafika mpaka kwenye kiini cha seli, mahali jeni zinapotunzwa. Huko inaikuta protini iitwayo CREB. CREB ikigongwa muhuri, inakaa kwenye swichi za jeni fulani na kuziwasha.

Jeni kuwashwa maana yake nini? Chukua cheti chako cha form four. Original iko nyumbani, ndani ya bahasha, chini ya nguo. Ukiomba kazi unakwenda steshenari, unatoa kopi, na kopi ndiyo inayozunguka maofisini. Jeni ni original, haitoki kwenye kiini. Kopi yake inaitwa mRNA, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye viwanda vya seli ili protini itengenezwe. Kwa hiyo seli ikitaka protini fulani iwe nyingi ina njia mbili: itoe kopi nyingi, au izitunze kopi zisichanike haraka. Ikitaka ipungue, inafanya kinyume chake.

Vipokezi vya beta navyo ni protini, vina jeni zao. Na utamu wenyewe uko hapa: ujumbe uliopita kwenye kipokezi unarudi kuamua idadi ya vipokezi hivyo hivyo. Kwenye seli zilizochunguzwa maabara, kipokezi cha beta-2 kikisisimuliwa kwa muda mfupi, kopi za jeni yake zinaongezeka. Usisimuaji ukiendelea kwa masaa mengi, kopi zinaanza kuchanika haraka na vipokezi vinapungua. Kabla hata ya kufika huko, seli inakuwa imeshachukua hatua za haraka. Vimeng'enya vya ukoo wa GRK vinatia alama kwenye kipokezi, protini iitwayo arestini inakiziba, na vipokezi vingine vinavutwa ndani kabisa visionekane.

Yaani seli inajitetea. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ikabidi azungukie kusini. Seli ya moyo inayogongewa mlango usiku na mchana inafanya kama Mirambo.

Kwa muda mfupi kinga hiyo ni nzuri. Balaa linaanza kwenye moyo uliochoshwa na presha ya miaka. Moyo dhaifu hausukumi damu ya kutosha. Mwili unadhani kuna dharura, unamwaga adrenalini zaidi. Milango inazidi kufungwa na moyo unazidi kuwa mzito wa kusikia. Mwili unaona haujasikika, unaongeza kelele. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya mioyo iliyoshindwa kazi, iliyotolewa kwa wagonjwa waliokuwa wanabadilishiwa moyo. Vipokezi vya beta vilikuwa vimepungua kwa kama nusu. Na kelele hiyo ya adrenalini si bure, ikidumu inaua seli za moyo, na seli ya moyo ikifa ni nadra kupata mbadala.

HEWA INAYOTULIZA

Sasa tuje upande wa pili, maana gari haliendi kwa mafuta tu, linahitaji breki.

Mwaka 1980 Robert Furchgott, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha kwamba kuna dawa inayopanua mshipa wa damu pale tu utando laini wa ndani ya mshipa unapokuwa haujakwanguliwa. Maana yake utando ule ulikuwa unatoa kitu. Baadaye ikajulikana kitu chenyewe ni hewa, inaitwa naitriki oksaidi: atomu moja ya naitrojeni, moja ya oksijeni, basi. Msiichanganye na ile hewa ya kuchekesha wanayotumia madaktari wa meno, hiyo ni nyingine. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Nobeli ya tiba mwaka 1998 kwa kazi hii.

Hewa hii haihitaji lango. Inapenya ukuta wa seli kama moshi unavyopenya makuti, na inaishi sekunde chache tu. Ikiingia kwenye msuli wa mshipa, inawasha kimeng'enya kinachotengeneza kijumbe kiitwacho cGMP, ambacho ni binamu wa ile cAMP. Msuli unalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka.

Nani anaitengeneza? Ni vimeng'enya vinavyoitwa NOS, na malighafi ni L-ajinini, inayopatikana kwenye protini za kawaida kama karanga, maharage na nyama. Jeni zao ziko tatu. NOS1 inafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu na pia ndani ya msuli wa moyo. NOS3 inafanya kazi kwenye utando wa mishipa ya damu, na kidogo kwenye msuli wa moyo. NOS2 mara nyingi imezimwa, inawashwa mwili unapopigana na vijidudu.

Mnakumbuka beta-3? Hiki nacho kinashikwa na adrenalini, lakini badala ya kuongeza mwendo kinawasha NOS, na ile hewa inatuliza nguvu ya moyo. Kwenye mioyo iliyoshindwa kazi, wakati beta-1 zimepungua, beta-3 zimeonekana kuongezeka. Wataalamu wengi wanaona hiyo ni njia ya moyo kujaribu kujilinda na kelele, ingawa breki ikizidi nayo inaweza kuuchosha moyo ambao tayari ni dhaifu.

NI NINI KINAIWASHA JENI YA HEWA HII?

Kwa NOS3, jibu ni zuri kuliko yote kwenye makala hii: ni damu yenyewe inapopita. Mto ukijaa, maji yanasugua kingo. Damu ikipita kwa kasi inasugua utando wa mshipa, na seli za utando zinahisi huo msuguo kabisa. Kwanza ndani ya sekunde zinatoa hewa zaidi kwa kutumia vimeng'enya vilivyopo. Msuguo ukijirudia siku baada ya siku, protini iitwayo KLF2 inaongezeka kwenye kiini na kuiwasha jeni ya NOS3. Kopi zinakuwa nyingi, vimeng'enya vinakuwa vingi.

Hii imepimwa kwa binadamu. Mwaka 2003 kundi la Rainer Hambrecht huko Leipzig, Ujerumani, lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa mishipa ya moyo waliokuwa wanasubiri upasuaji. Wengine walifanya mazoezi kwa wiki nne, wengine hawakufanya. Wakati wa upasuaji kikachukuliwa kipande cha mshipa wa kifuani. Waliofanya mazoezi walikuwa na protini ya NOS3 mara mbili ya wenzao. Wiki nne tu! Kwa hiyo ukitembea kutoka stesheni mpaka sokoni badala ya kupanda bodaboda, unaisugua mishipa yako na kuipa jeni kazi.

Kwa NOS2 ushahidi mzuri umetoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Dar es Salaam wenye malaria. Walikuta kwamba malaria ilivyokuwa kali zaidi ndivyo uzalishaji wa naitriki oksaidi na kiasi cha NOS2 vilivyokuwa chini. Mwaka 2002 jarida la Lancet likachapisha kazi nyingine, ya watoto wa Tanzania na Kenya. Kuna herufi moja tu ya DNA, iliyoko kwenye swichi ya jeni ya NOS2 na siyo kwenye jeni yenyewe. Watoto wenye herufi ya aina tofauti mahali hapo walitengeneza hewa hii kwa wingi zaidi na walikuwa na kinga dhidi ya malaria kali. Mkoa wetu ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi, kwa hiyo siyo stori ya mbali. Inaonyesha kwamba swichi ya jeni inaweza kuamua nani anapona kirahisi na nani anazidiwa.

Swali mtakalouliza: je, watu weusi tuna jeni tofauti za moyo? Marekani mwaka 2004 lilitoka jaribio liitwalo A-HeFT, la wagonjwa 1,050 Wamarekani weusi wenye moyo kushindwa kazi. Waliopewa isosobaidi dinaitreti, ambayo inaleta naitriki oksaidi mwilini, pamoja na hidralazini, walikufa kwa asilimia 43 pungufu kuliko waliopewa dawa bandia juu ya tiba yao ya kawaida. Mwaka 2005 dawa hiyo ikaruhusiwa kwa ajili ya watu weusi, na mabishano hayajaisha mpaka leo. Jaribio dogo la dawa hizo lililofanyika Afrika na kuchapishwa mwaka 2016, kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa wamezidiwa, halikuonyesha faida. Ninachokiona mimi: rangi ya ngozi haikuambii mtu ana herufi gani kwenye jeni zake. Mnyamwezi, Mmasai na Mmarekani mweusi wa Chicago wanaweza kutofautiana sana. Tunahitaji tafiti zinazofanyika kwetu, kama ile ya malaria.

TUMBAKU YETU

Hapa najua nitagusa watu, maana tumbaku ndiyo imejenga nyumba nyingi Urambo, Kaliua na Sikonge. Sina ugomvi na mkulima. Lakini mambo mawili yasemwe.

La kwanza ni moshi. Nikotini inaamuru zile tezi za juu ya figo zimwage adrenalini, yaani inaongeza kelele mlangoni. Wakati huo huo moshi una kemikali nyingi zinazoiharibu naitriki oksaidi kabla haijafika kwenye msuli. Mafuta yanaongezwa, breki inakatwa. Mwaka 1993 David Celermajer na wenzake huko London walipima mishipa ya mkono ya vijana wavuta sigara waliokuwa wazima kabisa. Mishipa yao ilipanuka kidogo sana kuliko ya wasiovuta, na waliovuta zaidi ndio waliokuwa vibaya zaidi. Habari njema ni kwamba walioacha walionekana kuwa na nafuu.

La pili linawahusu hata wasiovuta. Nikotini inapita kwenye ngozi. Ukivuna majani yaliyolowa umande au mvua, nguo zikalowa, nikotini inaingia mwilini. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, mapigo ya moyo na presha vinabadilika. Watu wanasema ni uchovu au malaria. Kuvaa mikono mirefu na glavu, kusubiri majani yakauke na kuoga mapema kunasaidia. Na watoto wasipelekwe kuvuna majani mabichi, miili yao ni midogo na dozi ni ile ile.

VIDONGE VYA "NGUVU"

Vijana wenzangu, hii ni yenu. Sildenafil, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Haitengenezi naitriki oksaidi. Kazi yake ni kuzuia cGMP isivunjwe haraka, kwa hiyo ujumbe wa "legea, panuka" unadumu kwenye mishipa. Kwa mtu aliyepimwa na kuandikiwa na daktari ni dawa halali.

Hatari iko hivi. Mgonjwa wa moyo anaweza kuwa anatumia nitrogliserini au isosobaidi, dawa zinazoleta naitriki oksaidi. Hizo zinajaza cGMP, na sildenafil inazuia isitoke. Presha inaporomoka ghafla, moyo na ubongo vinakosa damu, mtu anaweza kufa. Mara nyingi muuzaji wa kichochoroni hakuulizi unatumia dawa gani nyingine, na wazee wengi wanaona aibu kusema. Kama unamnunulia mtu mzima "zawadi" ya aina hiyo, jua unacheza na nini. Na kwa kijana mzima, haikuongezei moyo wala mapafu, ni kujitafutia maumivu ya kichwa tu.

TURUDI KWENYE SWALI

Sasa mna vifaa vyote vya kujibu lile swali la mwanzo. Kuna kundi la dawa liitwalo beta-bloka: atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol. Kazi yake ni kusimama kwenye lango ili adrenalini isipate pa kushika. Zamani ilionekana ni wazimu kumpa dawa hiyo mtu mwenye moyo dhaifu. Moyo umechoka halafu unaupunguzia nguvu? Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake huko Gothenburg, Sweden, walichapisha habari za wagonjwa saba waliopata nafuu. Wengi hawakuamini. Mwaka 1999 yakatoka majaribio makubwa mawili, la bisoprolol na la metoprolol, na yote yakaonyesha vifo vimepungua kwa kama theluthi moja.

Inafanyaje kazi? Siku ya kwanza dawa inapunguza mwendo tu, na mgonjwa anaweza hata kujisikia mnyonge. Ndiyo maana kwa moyo dhaifu dozi inaanza ndogo na kupandishwa polepole. Lakini kelele ikipungua kwa wiki na miezi, seli zinapumua. Jeni zinaanza kubadilika, na kwa dawa kadhaa za kundi hili vipokezi vilivyofichwa vinarudi ukutani. Moyo unakuwa na masikio tena, na mara nyingi unapata nguvu kuliko mwanzo. Ni tiba ya ile saa ya polepole.

Sasa mtu anaacha ghafla. Mlinzi kaondoka langoni, milango imeongezeka, yote iko wazi, na adrenalini ipo pale pale. Ndani ya siku chache moyo unakwenda mbio, presha inapanda juu, kifua kinabana, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Hiyo ndiyo ile "hatari" ambayo haikuelezwa. Yule mtu aliyekuwa anajisikia mzima alikuwa mzima kwa sababu dawa ilikuwa kazini.

Si dawa zote za presha zina mtego huu. Ukiacha amlodipine au losartan hakuna milango inayobaki wazi namna hiyo. Ila presha inarudi kimya kimya na kuendelea kuuchosha moyo, kwa hiyo nazo usiziache kienyeji.

Kwa kifupi, mambo ya kumwambia mama au shangazi leo leo:

1. Soma jina kwenye pakiti. Ukiona atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol au metoprolol, usisubiri vidonge viishe. Nenda kachukue vingine zikiwa zimebaki siku saba.

2. Hela ikikwama, rudi hospitali useme ukweli. Kuna dawa za bei nafuu, na kama ni lazima kuacha, daktari atakupunguzia dozi polepole.

3. Usimgawie jirani. Beta-bloka, hasa propranolol, inaweza kuziba pumzi ya mwenye pumu, kwa sababu beta-2 ziko kwenye mapafu pia na ndizo zinazoyafungua.

4. Tembea. Kama una ugonjwa wa moyo, muulize daktari uanze na kiasi gani, halafu anza.

5. Kapime presha hata kama una miaka 25. Kupima ni dakika mbili, na presha mara nyingi haina dalili.

Yanayozidi uwezo wa hospitali ya mkoa, kama yetu ya Kitete, yanapelekwa mbele, na tangu 2015 nchi ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar. Lakini safari ya Dar kwa mgonjwa wa moyo ni ndefu na ya gharama. Kidonge kilichomezwa kwa wakati ni rahisi zaidi.

Naomba kuwasilisha wadau. Mliosoma baiolojia mbele zaidi yangu ongezeni nyama kwenye maoni, na mwenye swali alitupie hapo chini. Mwenye mgonjwa nyumbani, kabla hujakomenti, kaangalie kwanza pakiti yake imebaki vidonge vingapi.